Mguu Mmoja Ndani ya Geti

Kwa miaka ishirini na minne, kazi ya Lài ilikuwa kuinama. Kila mwezi aliinama mbele ya mita za maji mia nne na kumi na mbili, katika vichochoro vya ng'ambo ya mfereji pale mjini Sa Đéc, akafuta kioo, akasoma tarakimu, akainuka ameshika kiuno. Jina la mwenye nyumba angeweza kulisahau, lakini mita hakuisahau hata moja. Ya kwa fundi cherehani ina kioo chenye ufa. Ya kwa mwuza bata ina chura anayeishi juu yake, na chura huyo hahami hata umwambie nini. Ya kwa mwalimu mstaafu imefunikwa sufuria kuukuu, kwa sababu mwalimu anaamini kwamba mita ikipigwa na jua huenda mbio.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mitatu, mwenye kicheko kilichofika kabla yake kwenye kona. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye kikapu cha mbele cha pikipiki: kulabu ya chuma ya kuinulia vifuniko, mswaki uliostaafu, tochi, chupa ya maji na daftari la shule. Kampuni ilikuwa imempa simu ya kuingizia namba, naye aliitumia kwa adabu zote, ila daftari hakuliacha. Alisema simu ikizimika inazimika na kila kitu chake, lakini daftari likilowa unalianika tu kwenye kamba.

Mita ni umbea mtupu kwa anayejua kuisoma. Lài alijua nani amepata mjukuu, nani ana wageni anaowaficha, na nani amegombana na mumewe, maana kuna wanawake hapo wakikasirika wanafua nyumba nzima pamoja na mapazia. Alijua yote hayo na hakusema hata moja. Ndiyo maana milango ilikuwa wazi kwake, akakaribishwa chai hapa, ndizi pale, na kwa Út mwuza kahawa wa mdomo wa kichochoro alikuwa na kigoda chake mwenyewe.

Geti lilikuwa moja tu lililomfungia, na hilo lilikuwa la Bibi Sáu.

Asili ya jambo ni hii. Mwaka mmoja kabla ya haya, mwezi wa sita, Lài alifiwa na mumewe, Thuận, mtu mpole aliyekuwa akichonga makasia. Na kila aliyezaliwa pale anajua kwamba mwenye msiba hatii mguu kwenye nyumba ya mtu asubuhi ya kwanza ya Tết, Mwaka Mpya. Mgeni wa kwanza ndiye anayeingia na bahati ya mwaka mzima, nzuri au mbaya. Wengine hulichukulia hilo kwa wepesi. Bibi Sáu hakuwa mmoja wao. Yeye alimtafuta mgeni wake wa kwanza miezi miwili kabla, kama anayetafuta mume wa bintiye: awe mnene, mcheshi, wazazi wake wote wako hai, na mwaka aliozaliwa uelewane na wa bibi. Tết iliyofuata msiba huo alikuwa amempata Bwana Phát mwuza mchele, tumbo mbele na kicheko juu, na asubuhi ya Mwaka Mpya geti likaachwa wazi likimngoja.

Phát alikuwa amekunywa usiku kucha, akalala fofofo. Aliyepita pale mapema ni Lài, akitoka hekaluni kumwombea mumewe. Mita ya Bibi Sáu iko hatua moja tu ndani ya geti, upande wa kulia, na kwa miezi mitatu Lài alikuwa akiitilia shaka. Akaona sakafu ya geti imelowa ilhali mvua haijanyesha wiki nzima. Mguu wake ukaenda wenyewe, kama mguu wa mtu aliyekwenda mahali pamoja kwa miaka ishirini na mitatu. Ulipofika ndani, mwenyewe akashtuka, akausimamisha huo mwingine nje. Alikuwa amechelewa. Bibi Sáu alikuwa barazani na vazi lake jipya, akamwona.

Alimfukuza kwa ufagio, akimwita mkosi, majirani wakisikia.

Mwaka uliofuata haukuwa mzuri kwa bibi. Maua ya mti wake wa mai, yale ya manjano yanayotakiwa kudumu sikukuu nzima, yalipukutika siku ya tatu. Akateleza uani, akateguka kiwiko. Gari la mwanawe likaharibika njiani, naye akakosa karamu ya kumkumbuka marehemu baba yake. Yote hayo bibi aliutwisha mguu wa Lài. Huko kwa Út, kichochoro kikagawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema mguu mmoja si mtu, kwa hiyo Lài hakuingia. Wa pili ukasema mwizi akikutwa na mguu mmoja dirishani, je, tumwambie hajaingia? Mjadala huo ulidumu hadi msimu wa embe, na Út aliuza kahawa baridi mpaka barafu ikawa inamwishia saa nne asubuhi.

Kuhusu mita, Bibi Sáu alipata dawa yake. Kila siku ya kusomwa, geti lilikuwa na kufuli, na juu yake kimening'inia kipande cha boksi kilichoandikwa namba kwa chaki. Mwezi wa kwanza 1339. Wa pili 1368. Halafu 1379, halafu 1386. Mtu wa Sa Đéc haulizi mara mbili akiona namba zinazoishia hivyo; ni zile zile ambazo watu huzililia kwenye vibao vya pikipiki na tiketi za bahati nasibu. Hakuna mita duniani inayokwenda kwa bahati miezi kumi na mmoja mfululizo. Bibi alikuwa akijichagulia.

Na Lài aliingiza namba hizo kwenye simu, mwezi baada ya mwezi, bila kusema neno. Hili lilikuwa kosa lake, na alilijua.

Kisha ofisini akaja mkuu mpya, kijana aitwaye Trọng, anayependa kila kitu kiwe na picha. Akatoa amri: hadi tarehe ishirini ya mwezi wa mwisho, kila mita ipigwe picha ya uso. Nyumba isiyo na picha itafungiwa maji mpaka sikukuu ipite. Lài akapiga picha mia nne na kumi na moja, pamoja na ya chura. Ikabaki moja. Akahesabu siku kwenye vidole, akamwona Bibi Sáu, mwanamke wa miaka sabini na minane, akiingia Mwaka Mpya na mitungi mitupu, wajukuu wamekuja toka Saigon na hakuna hata maji ya kuchemshia wali wa kunata. Usiku ule hakula vizuri.

Alikwenda tarehe kumi na tano. Siku hiyo mji mzima uko uani, maana ndiyo siku ya kuipukuchua miti ya mai majani yake kwa mkono, jani moja moja, ili ichanue siku ya Tết yenyewe. Lài akapiga hodi kwenye geti la Bibi Sáu mara tatu. Ndani akasikia ndala zikisimama. Boksi lilikuwepo: 1468.

Akaeleza habari ya picha na kufungiwa maji, akiongea na mbao. Sauti ya bibi ikamjibu kwamba aliishi miaka arobaini kwa maji ya mfereji na hajafa, kwa hiyo wafunge.

Lài akakaa chini. Kwa mazoea akaiegemeza kulabu yake kwenye bomba linalopita chini ya ukuta, ncha moja kwenye bomba, nyingine sikioni, kama walivyofundishwa zamani. Akasikia maji yakienda. Si matone, bali mwendo mwembamba usiokatika, kama mtu anayepepeta mchele.

"Bibi Sáu," akasema, "unafua sasa hivi?"

"Ninapukuchua mai. Nifue na mikono mingapi?"

"Na bomba la jikoni limefungwa?"

"Limefungwa. Na geti pia."

"Basi huo mti wako una majani ya rangi gani?"

Mti ule aliupanda marehemu mume wa bibi mwaka walipooana, na hakuna mtu kichochoroni aliyeruhusiwa hata kuuegemea.

"Ya njano," bibi akasema mwishowe, taratibu. "Tangu mvua. Na macho ya maua hayapo. Nimelipukuchua tawi zima la chini, sijaona hata moja."

"Mti unakufa maji, Bibi. Mai haitaki kusimama kwenye tope. Nifungulie niuokoe, halafu unifukuze tena, ufagio ninaujua."

Ndala zikaenda, zikarudi. Chini ya geti pakatoka moshi. Bibi Sáu alikuwa amekunja gazeti, akaliwasha kizingitini, kama wafanyavyo wenye maduka wakitaka kumwondoa mteja mwenye nuksi. Kufuli likalia. Hawa wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, gazeti linawaka katikati yao.

"Ruka," bibi akaamuru. "Na safari hii miguu yote miwili."

Lài akakunja suruali, akaruka. Hakuwa mwepesi kama zamani, na upindo wa mguu wa kushoto ukashika moto, ikabidi auzime kwa chupa yake ya maji. Nadhani Bibi Sáu alitaka kucheka. Aligeuka akatazama ukuta mpaka kicheko kikampita.

Kifuniko cha mita kilikuwa kimezama kwenye udongo, ikabidi Lài akichokonoe pembeni kwa kulabu kabla hakijakubali. Chini yake kulikuwa na konokono, mizizi midogo na tope la mwaka. Akatoa kwa kiganja, akasugua kwa mswaki, akamwagia maji, akafuta kioo kwa kidole gumba. 1661. Tena kile kinyota chekundu katikati, ambacho kinatakiwa kusimama kimya mabomba yakifungwa, kilikuwa kinazunguka bila haya.

Akamwita bibi aone. Bibi akainama kwa shida, akatazama kinyota, akatazama jikoni, akarudi kukitazama.

"Nani anayetumia?" akauliza.

"Mti."

Lài akafunga koki ya mita, kinyota kikasimama. Akaazima jembe la mkono, akachimba kufuata bomba, na tope likaanza hatua mbili tu kutoka kwenye shina. Pale ndipo ukweli ulipoonekana. Mzizi wa mai, mnene kama kifundo cha mkono, ulikuwa umepita chini ya bomba na kulinyanyua kidogo kidogo hadi kiungo kikaachana. Bibi Sáu alitafuta mchawi wake nje ya geti mwaka mzima, na kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi ilichukua hadi alasiri. Lài alikwenda dukani kununua vipuri na gundi, akarudi akakata kipande kibovu kwa msumeno wa kuazima, akakausha bomba kwa kitambaa kikuukuu cha bibi, akapaka gundi, akaunga kipande kipya kilichopindishwa kupisha mzizi, maana kukata mzizi ule kusingeruhusiwa hata na serikali. Washa ya mita, ile pete ya mpira ya kuzuia mvujo, nayo ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya embe kavu, akaibadilisha. Bibi aliketi kwenye kigoda akishika bakuli la chai, na la pili aliliweka karibu na jembe. Lài alipofungua koki tena, walikaa wote wawili wakikitazama kinyota kama watu wanaosubiri kuku aamue avuke njia au asivuke. Hakikusogea.

Ndipo bibi akauliza swali alilokuwa akilimeza tangu adhuhuri. Bomba lilianza lini kuvuja?

Lài akalitoa daftari kikapuni. Akampa mwenyewe asome, kidole kikiwa kwenye mstari. Bibi mmoja, peke yake, miaka yote uniti sita kwa mwezi. Mwezi wa kumi, tisa. Mwezi wa kumi na moja, kumi na tatu. Mwezi wa kumi na mbili, kumi na nane. Tarehe zote kwa kalamu ya buluu, na zote kabla ya Tết ile.

Bibi Sáu alisoma polepole, midomo ikichezacheza. Aliporudia mara ya pili, mkono uliteremka na daftari.

"Lilianza kabla ya mguu wako."

"Kabla, Bibi. Asubuhi ile nilikuwa nimepita kukwambia. Nikaona pamelowa, mguu ukatangulia mdomo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na ufagio."

"Na baadaye? Miezi kumi na mmoja, mtoto wee. Hata kijibarua cha mistari miwili?"

Lài akaanza kutafuta kisingizio, na vilikuwepo vingi, akaviacha vyote. "Nilinuna," akasema. "Mume wangu alikuwa hana hata mwaka kaburini, wewe unaniita mkosi mbele ya watu. Iliniuma, Bibi. Nikasema maji yake, mti wake, afe navyo. Namba zako za bahati nilijua ni za uongo, nikaziandika hivyo hivyo."

Alitegemea ufagio. Bibi Sáu akautazama mti wake, ule upande wa chini uliokuwa uchi na ule wa juu wenye majani ya njano.

"Na mimi nilijua ni za uongo," akasema. "Tumenuna wawili, na aliyelipa ni huyu."

Kisha akamwonyesha Lài tawi la juu asilolifikia kwa sababu ya kiwiko chake, wakalipukuchua pamoja mpaka jua likapungua.

Kesho yake Lài alikwenda ofisini na picha ya mwisho, na pamoja nayo akaenda na kosa lake. Trọng alikasirika, kwa haki, akamwandikia barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na minne. Lài akaikunja akaiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa Bibi Sáu. Habari ya ile tofauti ya uniti tuiache huko huko ofisini, wana kanuni zao za mabomba yaliyovuja chini ya ardhi. Ninachojua ni kwamba maji hayakufungwa.

Siku ya mwisho ya mwaka, akirudi sokoni, Lài alipita kwenye kile kichochoro. Geti la Bibi Sáu halikuwa na kufuli, lakini boksi lilikuwepo na chaki mbichi. 1664. Mtu wa pale akiona namba inayoishia na nne anatema mate pembeni, na bibi huyu aliwahi kukataa jogoo mzuri kwa kuwa alikuwa wa nne kwenye tenga. Lài akaegesha pikipiki, akainama nje ya geti, akachungulia mwanyani kwa tochi. Kifuniko kilikuwa kimeachwa wazi, na mita ilisema 1664. Akaenda zake akicheka peke yake, watu wakamgeukia.

Asubuhi ya Tết aliamka mapema bila sababu ya kuamka. Msiba wa miaka mitatu ulikuwa haujatimia, na nyumba yenye msiba haina wageni siku ya kwanza. Binti yake mwenyewe, aliyeolewa Cần Thơ, alikuwa aje siku ya tatu. Akawasha ubani mbele ya picha ya Thuận, akamwekea kipande cha wali wa kunata na vitunguu vya siki alivyovipenda. Akafungua mlango, kwa desturi tu, akaketi akitazama njia. Alisikia kwamba Bwana Phát safari hii ameapishwa asiguse pombe, na saa hizi bila shaka yuko njiani kwenda kwa Bibi Sáu na tumbo lake la bahati.

Mtu akakohoa nje.

Alikuwa Bibi Sáu, katika vazi la mahameli, na mkononi chupa yenye kijitawi cha mai. Maua yalikuwa matatu, madogo, na macho mawili ambayo huenda yangefunguka na huenda yasingefunguka.

Lài aliinuka haraka, akaenda kumzuia mlangoni kwa mikono miwili. Akamwambia arudi, kuna msiba humu, ajionee huruma, mtu wa tabia zake atautoa wapi moyo wa kutoka humu na mkosi siku ya kwanza ya mwaka, na Phát je, nani atampokea?

"Phát atanisubiri. Nimemwachia chai." Bibi akainua mguu mmoja, akauweka ndani ya kizingiti, akasimama hivyo, mmoja ndani, mmoja nje. "Eti mguu mmoja unahesabika?"

"Kichochoro kizima kimeshindwa kuamua, Bibi."

"Basi tusiwape kazi tena," akasema Bibi Sáu, na akauingiza wa pili.

Lài alilia kwanza. Kisha akapokea chupa, akaiweka karibu na picha ya Thuận, akaenda kuchemsha chai.